Taarifa iende kwa nani? Mifumo minne ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto katika taasisi za dini

Sera nyingi za ulinzi wa mtoto zinazoandikwa na makanisa, misikiti na vyuo vya Qur'ani zina sentensi moja inayobeba kazi yote, na kwa kawaida husomeka hivi: "Mtumishi yeyote atakayebaini au kushuku kwamba mtoto ametendewa ukatili atatoa taarifa mara moja kwa ..." Kurasa nyingine, za dibaji, za tafsiri ya maneno, za maadili ya walimu na za utaratibu wa kuajiri, zinaweza kuazimwa kutoka sera ya jirani bila madhara makubwa. Nafasi ile iliyo wazi mwishoni haiazimwi. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, wajumbe walipitisha kurasa kumi na moja kabla ya chai, kisha wakakwama kwenye nafasi hiyo kwa saa mbili, na rasimu iliyobaki mezani ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara nne: kwanza "Mchungaji Kiongozi", kisha "Kamati ya Ulinzi", kisha "Ustawi wa Jamii", na mwisho, kwa kalamu ya rangi nyingine, "Mchungaji Kiongozi, ambaye ataamua hatua zinazofuata".

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaolazimika kuijaza nafasi hiyo. Yapo majibu manne makuu. La kwanza ni kwamba taarifa ibaki ndani ya taasisi na kiongozi aamue. La pili ni sheria ya nchi inayomtaja kiongozi wa dini kuwa ni lazima aripoti, lakini inamwachia siri ya maungamo. La tatu ni sheria inayomtaja na wakati huohuo kuufunga mlango huo wa maungamo. La nne ni sheria isiyomtaja mtu kwa cheo chake bali inamtwika kila mwanajamii wajibu, na hilo ndilo jibu la Tanzania Bara. Mjumbe wa kamati hawezi kubadili sheria ya nchi yake, lakini sera ya taasisi inaweza kudai zaidi ya kile ambacho sheria inadai, na ndiyo maana inafaa kujua wengine wamefanya nini na yaliwafikisha wapi.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aweze kunipima. Naegemea jibu ambalo aliyeona au aliyeambiwa anaripoti yeye mwenyewe, nje ya taasisi, siku hiyohiyo, na kiongozi anajulishwa tu, haombwi ruhusa. Sehemu ya sababu zangu ni ya kitabibu kuliko ya kisheria. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa anahitaji kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu ya dawa hizo. Nguo zikifuliwa na mtoto akiogeshwa, ushahidi mwingi unaondoka na maji. Kamati inayokutana kila Jumapili, au baada ya sala ya Ijumaa, ikipata habari siku ya Jumatatu, imeshachelewa kabla mwenyekiti hajafungua kikao kwa sala.

Ndani kwanza

Mfumo wa kuripoti ndani ndio ulioenea kuliko yote, hata pale ambapo haujaandikwa popote, na hoja zake si za kupuuzwa. Kiongozi anawafahamu wahusika na anaweza kutambua tuhuma iliyozaliwa na ugomvi wa uongozi au wa kiwanja. Kituo cha polisi kiko mbali, na huko nako mtoto anaweza kuhojiwa kaunta mbele ya watu. Familia yenyewe mara nyingi ndiyo inayoomba jambo limalizwe kimyakimya ili binti aje kuolewa bila maneno. Huku pwani, zaidi ya hayo, lipo fundisho la kusitiri, kwamba anayemsitiri mwenzake aibu yake naye atasitiriwa, ambalo ni fundisho jema kabisa hadi pale linapotumika kumsitiri mtenda na kumwacha wazi aliyetendwa.

Udhaifu wa mfumo huu unaonekana vizuri zaidi pale ulipofuatwa kwa uaminifu kuliko pale ulipopuuzwa. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza namna taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono wa watoto ilianza kazi mwaka 2013 na kuwasilisha ripoti yake ya mwisho Desemba 2017, juzuu 17 zenye mapendekezo 409. Mwaka 2015, jijini Sydney, tume hiyo iliwahoji viongozi wa Mashahidi wa Yehova, na kilichowekwa mezani kilikuwa mafaili ya dhehebu lenyewe, yenye watuhumiwa 1,006 tangu mwaka 1950. Dhehebu halikuwa limemripoti hata mmoja wao kwa mamlaka za serikali. Wazee wa makutaniko hawakukosa kumbukumbu wala utaratibu. Walisikiliza, waliandika, waliunda kamati za hukumu, na watuhumiwa 579 kati ya hao walikiri. Utaratibu ulikuwepo na ulifanya kazi uliyoundiwa, yaani kulinda usafi wa kutaniko, nayo ni kazi tofauti na kumlinda mtoto.

Kikwazo kimojawapo kilikuwa kanuni ya mashahidi wawili, inayotolewa katika Kumbukumbu la Torati 19:15: mtuhumiwa asipokiri, na asipopatikana shahidi wa pili, wazee hawaendelei. Wakili wa tume, Angus Stewart, alimuuliza Geoffrey Jackson, mjumbe wa Baraza Linaloongoza la dhehebu hilo, kuhusu sura ya 22 ya kitabu hichohicho, ambako msichana anakamatwa shambani, anapiga kelele na hakuna wa kumwokoa, na mwanamume anaadhibiwa ingawa hapakuwa na shahidi mwingine. Je, haiwezekani Yesu, kama angeulizwa, angeutumia mfano huo kwa mtoto aliyeingiliwa faraghani? Jackson alijibu kwamba yeye mwenyewe angependa kumuuliza Yesu jambo hilo, ila kwa sasa hawezi. Jibu lilikuwa la unyenyekevu, na lilionyesha jinsi suala la usalama wa mtoto lilivyokuwa limegeuzwa kuwa suala la ufafanuzi wa maandiko.

Wasomaji Waislamu wasiyaone hayo kuwa ya wengine. Katika vikao vya madrasa husikika mtu akidai mashahidi wanne kabla jambo halijapelekwa mbele, ilhali aya ya nne ya Sura An-Nur inawahusu wanaowasingizia zinaa wanawake wenye kujihifadhi. Mtoto anayesema ustadhi amemshika hamsingizii mtu zinaa. Anasema amedhulumiwa, na mlango wa dhuluma ni mwingine.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi kwa sababu uliishia Afrika. John Smyth alikuwa wakili mashuhuri wa Uingereza na mwenyekiti wa mfuko uliokuwa ukiendesha kambi za Kikristo za wavulana kutoka shule za watu wenye uwezo. Aliwachapa wavulana hao bakora hadi kutoka damu, ndani ya banda lililokuwa bustanini kwake Winchester. Mwaka 1982 mchungaji mmoja wa Kianglikana aliandika ripoti ya siri kuhusu vitendo hivyo, watu wachache wakaisoma, na wote wakakubaliana kwamba Smyth aache kazi ya vijana. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za wavulana, na mwaka 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la kambi yake huko Marondera; kesi iliyofunguliwa baadaye ilivunjika. Mwaka 2001 alihamia Afrika Kusini, akafariki Cape Town mwaka 2018 bila kuhukumiwa popote. Ripoti ya Keith Makin iliyotoka Novemba 2024 ilihesabu zaidi ya wavulana na vijana 100 walioumizwa, wengi wao wakiwa barani Afrika, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Waliosoma ripoti ya mwaka 1982 hawakuwa watu wabaya, na huenda waliona wamelimaliza tatizo. Lilihamishiwa kwa watoto wa watu wengine tu.

Ipo namna bora ya kuripoti ndani, na haki inataka itajwe. Waraka wa Papa Fransisko wa Mei 2019, uitwao Vos estis lux mundi, ambao ulipewa nguvu ya kudumu mwaka 2023, unamlazimisha kila padri na kila mtawa mwenye habari za unyanyasaji kuripoti kwa askofu wa mahali, unaweka njia ya kumchunguza askofu mwenyewe, na unakataza anayetoa taarifa kuamriwa kunyamaza. Desemba 2019 siri ya kipapa, ile kanuni ya usiri mkali wa Vatikani, iliondolewa kwenye kesi za aina hii. Hata hivyo, kuhusu polisi, waraka huo unasema tu kwamba haupunguzi wajibu uliowekwa na sheria za nchi. Kwa hiyo padri aliye katika nchi yenye sheria kali anaripoti kwingi, na aliye katika nchi isiyo na sheria hiyo ametimiza wajibu wake akiishia kwa askofu.

Maungamo

Mjadala wa kitubio huchukua muda mwingi kuliko unavyostahili, lakini hauwezi kurukwa. Kwa Wakatoliki, siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile, na padri anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa tendo hilohilo. Hilo si jambo ambalo padri wa Morogoro au wa Bukoba anaweza kulifanyia kampeni.

Marekani ni mahali pazuri pa kuona mfumo wa pili ukifanya kazi. Majimbo mengi yanawataja viongozi wa dini kuwa wanalazimika kuripoti, lakini mengi kati ya hayo yanawapa msamaha kwa habari walizopata katika mazungumzo ya siri ya kiroho. Tatizo ni upana wa msamaha huo. Huko Arizona, kwa mujibu wa uchunguzi wa shirika la habari la AP uliochapishwa Agosti 2022, mwanamume mmoja alimweleza askofu wa kata yake, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwamba alikuwa akimdhalilisha kingono binti yake. Askofu alipiga simu kwenye laini ya msaada ya kanisa, taarifa haikufika polisi, na vitendo hivyo viliendelea kwa miaka saba hadi mtu huyo alipokamatwa mwaka 2017. Kanisa lilipinga namna habari hiyo ilivyoelezwa, na mwaka 2023 mahakama ilitupa kesi ya madai kwa msingi kwamba sheria ya jimbo iliwaruhusu viongozi kunyamaza. Montana nako, baraza la wazee wa mahakama lilimpa mwanamke mmoja fidia ya dola milioni 35 mwaka 2018 dhidi ya Mashahidi wa Yehova, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta mwaka 2020 kwa sababu sheria inawasamehe viongozi ambao kanuni za dhehebu lao zinadai usiri.

Kesi hizo mbili zinafundisha jambo moja la uandishi. Msamaha ukiandikwa kwa maneno mapana, kama "habari za siri zilizopatikana katika huduma", unakuwa gunia la kutumbukiza kila kitu: kikao cha wazee watatu wenye daftari, simu ya ushauri wa ndoa, mazungumzo ya ofisini kwa mchungaji. Kukiri mbele ya kamati inayoandika muhtasari si kitubio, na sera isiyotenganisha mambo hayo mawili itageuza kila ungamo kuwa pango la kujifichia.

Australia ilichagua njia ya tatu. Tume ilipendekeza viongozi wa dini wawe miongoni mwa wanaolazimika kuripoti na kitubio kisiwe kisingizio, na jimbo la Victoria likaanza kuitumia kanuni hiyo Februari 2020, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Maaskofu walisema mapadri watakwenda jela kuliko kuvunja siri. Jimbo la Washington, Marekani, lilijaribu jambo hilohilo Mei 2025. Mahakama ya shirikisho ikaizuia sehemu ya kitubio mwezi Julai kabla haijaanza kutumika, na baadaye serikali ya jimbo ikakubali kutowadai mapadri yale wanayoyasikia katika kitubio, huku wajibu wao kwa yale wanayoyajua kwingineko ukibaki palepale.

Mwafaka huo wa Washington, uliopatikana kwa kushindwa mahakamani, naona ndio unaofaa zaidi kwa sera ya parokia. Kitubio cha sakramenti kibaki kama kilivyo, kwa maneno finyu yasiyoweza kunyooshwa, na kila kitu kilicho nje ya hapo kiripotiwe. Padri aliyeambiwa na mtoto ndani ya kitubio anaweza kumwomba mtoto huyo wazungumze tena nje, kwenye benchi, mbele ya macho ya watu, na mazungumzo hayo ya pili hayana muhuri wowote. Kwa makanisa mengi ya kipentekoste na kwa misikiti yote, suala hili halipo kabisa: toba ya Mwislamu ni baina yake na Mola wake, na ustadhi hana siri ya sakramenti ya kuitetea. Nimewahi kusikia mchungaji wa kanisa lisilo na kitubio akidai "siri ya kichungaji" kwa sauti ya mtu aliyekalia kiti cha maungamo maisha yake yote.

Kumtaja kwa cheo

Kati ya nchi zinazomtaja kiongozi wa dini waziwazi, mbili zinafaa kuwekwa pamoja, Afrika Kusini na Ireland, kwa sababu zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, katika kifungu cha 110, inaorodhesha walimu, wauguzi, madaktari na wengineo, na ndani ya orodha hiyo wamo wahudumu na viongozi wa dini. Anayeona kuna sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto ameumizwa au amenyanyaswa kingono lazima aripoti kwa shirika la ulinzi wa mtoto lililoidhinishwa, kwa idara ya jimbo au kwa polisi, na akiripoti kwa nia njema hawezi kushtakiwa kwa madai. Juu ya hiyo kuna sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2007, ambayo katika kifungu cha 54 haijali orodha: yeyote mwenye kujua kwamba mtoto ametendewa kosa la kingono lazima aripoti polisi mara moja, na asipofanya hivyo anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Matabaka hayo mawili, orodha chini na kila mtu juu, ndiyo ninayoyapenda zaidi katika sheria zote nilizozitaja hapa.

Ireland ilikuja baada ya ripoti nzito mfululizo: Ferns mwaka 2005, kisha Ryan na Murphy mwaka 2009. Sheria yake ya mwaka 2015, ambayo wajibu wake wa kuripoti ulianza kutumika Desemba 2017, inawataja viongozi wa dini na kuwaelekeza kwa shirika la serikali linaloitwa Tusla. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sheria hiyo haiweki adhabu ya jinai kwa asiyeripoti. Adhabu inatoka katika sheria nyingine ya mwaka 2012 inayohusu kuficha habari za makosa mazito dhidi ya watoto. Kwa mwandishi wa sera, adhabu si kitu cha kuiga. Kilicho cha kuiga ni kwamba Ireland inamdai mtu binafsi. Mwalimu wa katekisimu hawezi kusema alimwachia paroko. Wajibu ni wake, kwa jina lake, hata kama wanaripoti pamoja.

Pingamizi la kweli dhidi ya sheria za namna hii ni kwamba watoto na vijana wanaojua kuwa kila neno litafika polisi wanaweza kuacha kusema kabisa, na kwamba ofisi za ustawi zinaweza kufurikwa na taarifa nyepesi hadi zile nzito zikazama. Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito, hasa kuhusu mtu mzima anayesimulia yaliyompata utotoni na asiyetaka kesi. Lakini kwa mtoto ambaye bado analala nyumba moja, au anasoma chumba kimoja, na anayemuumiza, usiri wa kumfariji bila kumwondoa hatarini ni faraja ya msikilizaji kuliko ya mtoto.

Kila mwanajamii

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 95, inasema ni wajibu wa mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kifungu hakitaji padri, mchungaji, shehe wala mwalimu wa madrasa, na wala hakitaji maungamo. Kwa hiyo jibu la swali linaloulizwa mara kwa mara, kama kiongozi wa dini Tanzania anawajibika kuripoti, ni ndiyo, kwa sababu naye ni mwanajamii.

Uzuri wa mfumo huu ni upana wake: mpishi wa bweni, mlinzi wa geti, mwanakwaya na mama anayeuza vitumbua nje ya geti la kanisa wote wamo, na mara nyingi hao ndio wanaoona. Ubaya wake ni uleule upana. Wajibu wa kila mtu hauna wa kuuliziwa, na kiongozi asiyetajwa kwa cheo hana anayemkumbusha, hapewi mafunzo na hatakiwi kutia saini popote. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mtu asidhani basi kwamba darasa la watoto 40 la Jumapili, au chuo chenye vijana 60 kwenye mikeka, halina mtoto anayesubiri kuulizwa vizuri.

Njia zenyewe zipo. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, kuna simu ya bure 116 inayopokelewa Bara na Zanzibar (namba hiyohiyo inatumika Kenya), na Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, kama kile cha Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja ili mtoto asizungushwe. Hazifanyi kazi sawasawa kila mahali. Mzazi anaweza kukwamia kwenye nauli, au kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, au kwenye ndugu wa mtuhumiwa waliofika usiku na bahasha. Hapo ndipo taasisi ya dini ina kazi yake halali: kulipia gari, kukaa na mama hospitalini, kuwaambia wenye bahasha kwamba jambo halimo tena mikononi mwa familia.

Kujaza nafasi

Taasisi zinatofautiana, na sentensi moja haiwezi kuzitosha zote. Parokia ya Katoliki ina ngazi tayari, kwa hiyo iandike njia mbili zinazokwenda sambamba, kwa askofu kama waraka wa Roma unavyodai na kwa Dawati au ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na itaje kitubio cha sakramenti peke yake kuwa nje ya wajibu huo. Kanisa linaloongozwa na mchungaji mmoja aliyelianzisha, ambaye mke wake ni mhasibu na shemeji yake ni mwenyekiti wa wazee, lisiandike cheo chochote cha ndani katika nafasi ile, kwa sababu kila cheo cha ndani ni yeye yule. Madrasa na vyuo vya bweni vinahitaji kifungu cha ziada: mtuhumiwa anaondoka kwenye bweni usiku huohuo, mtoto habaki naye wala hapelekwi nyumbani kwake, na mwalimu aliyeondolewa hapewi barua nzuri ya kumpeleka chuo kingine. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na historia ya Smyth ni historia ya kukosekana kwake.

Kama ningeachiwa kalamu katika kile kikao, ningeandika hivi: "Mtumishi yeyote atakayeona, kuambiwa au kushuku kwa sababu za msingi kwamba mtoto ametendewa ukatili atatoa taarifa yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, kwa Dawati la Jinsia na Watoto au kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa kupiga 116, kisha atamjulisha Mchungaji Kiongozi, isipokuwa kama Mchungaji Kiongozi ndiye anayetuhumiwa. Hatafanya uchunguzi, hatamkutanisha mtoto na mtuhumiwa, wala hatasubiri kikao." Chini yake ningeacha mistari mitano ya kujazwa kwa mkono: saa aliyoambiwa, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka bila kusahihishwa, nani mwingine alikuwepo, jina la afisa aliyepokea taarifa, na namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi.